Namba Kumi Dirishani kwa Idris Nyama

Jumatatu, 3 Machi 2014

Mvua tangu alfajiri. Mji wote wa Trewenallt unanuka sufu iliyolowa.

Darasa la tisa B leo. Mito. Jinsi mto unavyokata bonde, jinsi unavyopinda ukifika tambarare. Nimechora ubaoni, nimeeleza, nimetania kidogo. Watoto wananakili kimya. Kimya mno. Dakika ishirini zimepita ndipo Cadi, yule wa dawati la mbele, akanyoosha mkono na kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, kwamba hii tulishafanya Ijumaa.

Nikachukua daftari lake. Mchoro uleule. Hata utani wangu kaandika pembeni!

Nikasema nilikuwa nawapima kama wako macho. Wakacheka — kwa kunisaidia. Watoto wa bonde hili hawamsaidii mtu. Ukiota chunusi puani watakutungia wimbo kabla ya mapumziko. Sasa wameanza kunionea huruma. Nimekwisha.

Mazoezi ya raga saa tisa. Tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Wavulana walicheza vizuri. Pale uwanjani sisahau kitu. Au sijui kama nasahau.


Jumanne, 4 Machi

Barua imekuja. Kliniki ya kumbukumbu, Jumatatu tarehe 24, saa tatu asubuhi. Nimeiwahi kabla mke wangu Nesta hajashuka. Nimeificha ndani ya atlasi kubwa, ukurasa wa Bolivia. Naandika hapa Bolivia ili nijue.

Nesta anadhani Januari nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya goti. Daktari mwenyewe binti mdogo, mpole. Aliniuliza nimegongwa kichwa hadi kuzirai mara ngapi. Nikacheka. Miaka kumi na moja mstari wa mbele wa raga, nani alikuwa anahesabu? Tulikuwa tunapakwa sponji ya maji baridi shingoni, tunaulizwa waziri mkuu ni nani, tunarudi kusukumana kwenye skramu. Na wengine hatukumjua waziri mkuu hata kabla ya kugongwa. Yeye hakucheka. Akaandika kitu.

Ilianza Septemba. Majina kwanza. Halafu gari — niliegesha mwenyewe, nikalitafuta nusu saa kwenye mvua.

Nastaafu Julai. Miaka thelathini na minne shule ileile. Nataka kutoka kwa miguu yangu, darasani na uwanjani, si kwa kushikwa mkono. Ikijulikana sasa, funguo za basi la timu zitachukuliwa kesho, na timu keshokutwa. Nijikaze mpaka Julai. Basi. Siombi kingine.


Alhamisi, 6 Machi

Orodha ya timu. Wino wa buluu, karatasi ngumu, moja hadi kumi na tano, kama kila Alhamisi ya msimu tangu 1980. Katibu wa shule anataka niwatumie wavulana kwenye simu. Ng'o! Mvulana wa hapa hajui kama amechaguliwa mpaka asimame nje ya bucha ya Idris Nyama, ajitafute dirishani kati ya soseji na figo. Baba yake alisimama palepale. Akina mama hujifanya wanachagua nyama.

Nimebandika saa kumi. Mkono umeandika wenyewe leo, bila kusita hata jina moja. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimejisikia mzima.


Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi nimepitia kwa Idris kuchukua nyama ya kondoo. Akatoka nyuma ya meza yake, akavua kofia, akafuta mkono kwenye aproni, akanipa. Idris huyu ambaye miaka yote salamu yake ni kuniuliza kama timu yangu bado inacheza raga au imehamia kusuka vikapu. Leo hakutania. Macho mekundu. Akasema nimefanya jambo la kiungwana, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesahau kuwa imetimia miaka ishirini.

Miaka ishirini ya nini? Nikaitikia kwa kichwa. Nimekuwa fundi wa kuitikia kwa kichwa.

Nikatoka nje, nikasoma dirisha langu mwenyewe.

10. E. Treharne.

Emyr Treharne. Namba kumi wangu wa mwaka 1994. Pikipiki, barabara ya mlimani, Ijumaa, umri miaka kumi na saba. Nilibeba jeneza lake, bega langu la kushoto. Na jana nimemchagua kucheza dhidi ya Llanfedw!

Nikashika ukingo wa dirisha. Bibi mmoja aliyepita akanipapasa mgongo, akaendelea na safari yake. Chini ya dirisha mtu alishaweka maua ya njano kwenye chupa ya maziwa.

Ningeweza kusema pale pale. Idris alikuwa kioo kimoja tu mbali nami. Sikusema.


Jumamosi, 8 Machi

Ioan Pugh — namba kumi wangu halisi, aliye hai — alinifuata kabla ya mechi. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa heshima, sasa yeye avae ngapi. Kijana kaona jina lake halipo, akaelewa kwamba ameombwa kumpisha marehemu. Nikamwambia ishirini na mbili. Akasema sawa mwalimu, ni heshima kwake.

Jezi ya kumi ilining'inizwa kwenye msumari wakati wote wa mchezo. Sikuitundika mimi. Macsen, kapteni, ndiye aliyeitundika.

Tumeshinda. Sasa tuko fainali ya kombe la mabonde, tarehe 22, na itachezwa kwetu. Wamenibeba mabegani! Mtu mzima wa kilo mia na nane! Nikiwa kule juu nilitamani wanidondoshe.


Jumapili, 9 Machi

Olwen Treharne, mama yake Emyr, amekuja.

Nilimwona dirishani akifungua geti na nikataka kujificha chooni. Amevaa koti la kanisani. Ameleta mkate wa zabibu, ule wa zabibu zilizolala kwenye chai usiku kucha, bado wa moto chini. Nesta akamkalisha, akaenda kupika chai, akatuacha sisi wawili. Kusudi.

Olwen si mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi ya usafi shuleni kwetu miaka kumi, na mumewe alipofariki alimzika na kurudi kazini Jumatatu. Leo alizungumza. Alisema kwa miaka ishirini watu wakimwona barabarani huzungumzia hali ya hewa. Hata wajomba. Wanadhani wakilitaja jina watamuumiza, kwa hiyo jina halitajwi, na yeye hubaki kulitamka mwenyewe jikoni ili lisipotee.

"Wewe umeliandika," akaniambia. "Mahali pake hasa. Kati ya tisa na kumi na moja."

Kisha akalia. Si sana.

Na mimi — mimi Elwyn Prosser, mwalimu, mzee wa kanisa — nikamshika mkono nikasema lilikuwa jambo dogo.

Alipoondoka Nesta alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka kidevu chake kichwani pangu. Akasema hajanipenda hivi tangu tuoane. Nimekaa nimeganda. Mkate siwezi kuula.


Jumanne, 11 Machi

Kamati ya klabu imekaa. Huw mwenyekiti, yule anayekohoa kila anapotaka kusema neno kubwa, alikohoa sana. Wameamua: siku ya fainali Olwen ataongoza timu kuingia uwanjani na jezi ya kumi mikononi. Dakika nzima ya makofi. Halafu mimi nizungumze juu ya Emyr kwenye kipaza sauti. Dakika mbili, tatu, kama utakavyoguswa, akasema Huw.

Nikasema ingetosha makofi. Wakaona ni unyenyekevu. Huw akasema wanaume kama mimi hawazaliwi tena. Wakanipigia meza!

Kila ninavyotaka kutoka nazidi kuzama. Jana ningemwambia mtu mmoja. Leo ni kamati. Tarehe 22 watakuwa watu elfu mbili.

Shuleni nimemwita Macsen kwa jina la baba yake. Baba yake nilimfundisha pia, kwa hiyo wamecheka. Ninaokolewa na kila kitu.


Ijumaa, 14 Machi

Hakuna kitu. Mvua. Sikuomba.


Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa Olwen. Nimepiga moyo konde, nimetoka kanisani moja kwa moja kabla miguu haijabadili nia. Nilikuwa nimeandika sentensi kwenye kiganja: NILIKOSEA. SIKUKUSUDIA. KICHWA CHANGU KINASAHAU. Kama mwanafunzi anayeiba mtihani.

Sebuleni kwake picha ya Emyr iko juu ya meko. Niliitazama nikashangaa: mtoto huyu alikuwa na masikio makubwa namna hii? Mimi nilikuwa nimemhifadhi bila masikio.

Nikaanza. Nikasema, Bi. Treharne, ile orodha. Akasema ngoja, akapanda ngazi. Akarudi na sanduku la viatu. Ndani kuna orodha zangu! Wino wa buluu, msimu mzima, kuanzia Septemba 1993. Alikuwa akimwomba Idris kila Jumatatu ampe iliyokwisha kutumika. Kumi na tisa. Ya mwisho ni ya wiki ile ya pikipiki, mechi ambayo Emyr hakuicheza. Akaniomba, kama sitajali, na hii mpya aiweke humo.

Ungemwambia vipi mtu huyu? Wewe unayejua kila kitu, Elwyn, ungemwambia vipi?

Nikafumba kiganja. Nikasema bila shaka, chukua.

Njiani nilisimama kwenye daraja na kunawa mkono kwa mvua mpaka wino ukatoka. Mimi ni mwoga. Nimewahi kuingiza kichwa mahali ambapo watu wengine wasingeingiza mguu, na mimi ni mwoga.


Jumanne, 18 Machi

Nesta amenikuta jikoni na birika mkononi, maji ndani, sijui ninataka kulifanya nini. Nikasema nafikiria hotuba. Akanipa busu.

Hotuba: karatasi nyeupe. Nimeandika "Emyr alikuwa" mara tatu. Alikuwa nini? Namba kumi. Alipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Mengine yanakuja na kuondoka, na yakija sijui kama ni yake au ya mvulana mwingine. Nimefundisha watu elfu nne. Wamechanganyika wote, kama soksi kwenye kapu.


Alhamisi, 20 Machi

Orodha ya fainali. Nimeweka majina yote mezani na kuyatia tiki moja moja. Nimeiandika mara tano. Mara ya tatu nikamkuta Emyr ameingia tena. Nilimtazama pale na sikushtuka — ndilo lililonitisha. Kwa kitambo nilikuwa nawaza kama upepo wa Jumamosi utamsumbua kwenye mateke.

Nikaichana. Nikamwandika Ioan. Idris alipoisoma alionekana kama amevunjika moyo kidogo.

Nimeamua. Nitamwambia Olwen kesho.


Ijumaa, 21 Machi

Sikumwambia.


Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, nimekaa juu ya gunia la mipira. Saa nane kasorobo. Niandike yote, na haraka, kabla hayajapotea.

Watu wamejaa mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Wanaimba. Nesta yuko jukwaani na skafu nyekundu. Mvua imekatika, jua limetoka, siku nzuri ajabu.

Saa saba na nusu Huw alimleta Olwen. Koti lilelile la kanisani. Nikamwingiza kwenye chumba cha huduma ya kwanza apumzike, nikampa jezi ya kumi iliyopigwa pasi. Akaiweka mapajani. Wavulana kule ng'ambo ya ukuta wanapiga ngumi makabati, wanajitia moto. Akasema hotuba ni ya watu wote, yeye anaomba chake. Akasema yeye na Emyr walikuwa wakipita na kupishana jikoni, mvulana na mama yake, unajua ilivyo. Lakini Jumamosi zote zile alikuwa nami, kwenye basi, kwenye tope. Basi nimwambie jambo moja la mwanawe ambalo yeye halijui.

Na nilikuwa nalo! Lilikuja lenyewe, zima, safi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikamsimulia: tunarudi kutoka mechi ya ugenini, mvua ya mawe, tumepoteza vibaya. Kule juu mlimani kondoo kazaa kando ya barabara na kufa. Mvulana akapiga kelele nisimamishe basi. Akashuka na soksi tupu. Akarudi na mwanakondoo ndani ya jezi yake, kichwa kinachungulia shingoni kwake, basi zima linanuka. Alikataa kumwacha mtu mwingine ambebe. Alimpulizia pumzi puani njia nzima. Nilimwona kwenye kioo cha dereva, na nilikuwa nimepanga kuwakaripia wote kwa kushindwa, nikashindwa kukaripia.

Olwen alikuwa anatabasamu. Halafu tabasamu likabaki pale pale, macho ndiyo yakabadilika.

"Huyo ni mtoto wa Gethin Posta," akasema. "Mwaka themanini na saba. Mwanakondoo alikulia uani kwao, akala barua za mtaa mzima. Emyr wangu alikuwa na miaka kumi."

Nilijaribu kuitikia kwa kichwa. Nikaacha.

"Tangu lini, Elwyn?"

Hajawahi kuniita Elwyn. Nikasema tangu Septemba. Akauliza Nesta anajua? Nikasema hapana. Akauliza daktari? Nikasema Jumatatu. Alikuwa anauliza taratibu, kama anayefuta sakafu, pembe hadi pembe. Nikajua anakoelekea na sikuwa na nguvu za kumzuia. Kusema kweli sikutaka kumzuia.

Akasema basi hukukusudia. Ile orodha.

Nikasema hapana. Nikamwambia ukweli wote: nilifika namba kumi, mkono ukamwandika, nikabandika, nikaenda nyumbani kula. Kwamba nilijisikia vizuri siku ile. Kwamba kila aliyenishukuru nilimwibia. Nilimwomba msamaha. Nililia mbele yake, mtu mzima, na kule ng'ambo Macsen anawafokea wenzake wakumbuke wao ni akina nani.

Nilidhani atainuka aondoke. Nilidhani atanipiga, na ingekuwa nafuu. Alikuwa akiisawazisha jezi kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, mikunjo ambayo haipo.

"Alhamisi ile," akasema, "ulipokuwa unaandika. Kwako wewe alikuwa hai?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anakuja kucheza."

Ndiyo.

"Mpaka lini?"

Nikasema mpaka Ijumaa asubuhi. Saa mbili na nusu, kwa Idris.

Nilimwona anahesabu saa midomoni, kutoka Alhamisi saa kumi mpaka Ijumaa saa mbili na nusu, kidole kimoja kimoja juu ya jezi. Kisha akaniomba nitoke na nifunge mlango.

Hiyo ni dakika tisa zilizopita. Huw amekuja akikohoa, nimemrudisha. Wavulana wamejipanga kwenye korido mbele yangu, viatu vinagonga saruji, wote kumi na watano wananitazama naandika. Ioan ana jezi isiyo na namba. Kule nje wamemaliza kuimba na wamenyamaza, wanamsubiri Olwen. Mlango wake bado umefungwa.

Refa ametoka kwake, ameuliza kuna tatizo gani. Nimemwambia asubiri.